Dripu ya Parasetamoli: Dawa Ileile, Njia Nyingine

Wapo watumiaji wanaofika hospitali na kuomba watundikiwe dripu ya kutuliza maumivu, wakiamini kwamba dawa iingiayo mshipani ina nguvu kuliko kidonge. Katika somo hili tunaeleza dawa hiyo ni ipi, ilipimwa vipi, na ni hatari gani mtumiaji anapaswa kujikinga nayo.

Ni dawa gani?

Mojawapo ya dawa za maumivu zitolewazo kwa dripu ni parasetamoli, yaani ileile iliyomo katika vidonge ambavyo wengi huviita panadol. Chupa ya mililita 100 huwa na gramu 1 ya dawa, sawa na vidonge viwili vya miligramu 500. Hutiririshwa kwa dakika 15.

Ilipatikanaje?

Parasetamoli haiyeyuki kwa urahisi katika maji, na ikikaa majini huharibika. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1980 Ufaransa ilianza kwa kutumia propasetamoli, ambayo huyeyuka vizuri na kugeuka parasetamoli ikiwa katika damu. Hata hivyo, wagonjwa walisikia maumivu mahali ilipoingizwa, na baadhi ya wahudumu walioiandaa walipata mzio wa ngozi. Baadaye ilipatikana njia ya kuihifadhi parasetamoli yenyewe katika maji, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanza kutumika Ulaya.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2005 lilihusisha wagonjwa 151 waliobadilishiwa nyonga au goti. Kundi moja lilipewa parasetamoli, la pili propasetamoli, na la tatu dripu isiyo na dawa. Wote waliweza kujiongezea mofini maumivu yalipozidi. Katika saa 24, waliopewa dripu isiyo na dawa walitumia wastani wa miligramu 57 za mofini; waliopewa parasetamoli walitumia miligramu 38, pungufu kwa theluthi moja. Marekani iliidhinisha dawa hii Novemba 2010.

Tuzingatie jambo moja: jaribio hilo halikulinganisha dripu na kidonge. Lilionyesha kwamba dripu inafaa baada ya upasuaji. Halikuonyesha kwamba inakishinda kidonge kwa mtu awezaye kumeza.

Nani anaihitaji?

Dripu humfaa mgonjwa asiyeweza kumeza, anayetapika sana, au aliyetoka kwenye upasuaji. Kwa mwingine, humwongezea gharama na uwezekano wa maambukizi mahali sindano ilipochoma.

Hatari iko wapi?

Parasetamoli ikizidi huharibu ini, hata kuua. Mtu mzima mwenye uzito wa zaidi ya kilo 50 hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, na hesabu hiyo hujumuisha dripu, vidonge na dawa za mafua zenye parasetamoli. Mwenye uzito mdogo, ugonjwa wa ini au mazoea ya pombe huhitaji kipimo kidogo zaidi.

Kwa watoto wachanga, hatari ni kubwa zaidi. Kila mililita ya dripu ina miligramu 10. Mhudumu akiandikiwa miligramu akapima mililita, mtoto hupata dozi mara kumi. Mwaka 2010 msimamizi wa dawa wa Uingereza alitoa tahadhari kuhusu dozi zilizozidishwa kimakosa, hasa kwa watoto wachanga.

Mtumiaji afanye nini?

1. Mweleze daktari dawa zote ulizotumia katika saa 24 zilizopita, hata panadol ya dukani.
2. Uliza jina la dawa iliyomo katika dripu na sababu ya kupewa.
3. Mtoto akiandikiwa dripu hii, hakikisha amepimwa uzito, na uulize dozi yake ni miligramu ngapi na mililita ngapi.
4. Ukiruhusiwa kurudi nyumbani, uliza ni saa ngapi unaweza kumeza kidonge cha kwanza.
5. Ikihisiwa kuwa dozi imezidi, nenda hospitali mara moja hata kama hujisikii vibaya. Dalili za ini huweza kuchelewa kwa siku moja au zaidi, na tiba hufaa zaidi ikianza mapema.

Maudhi yoyote ya dawa yatolewe taarifa kwa mhudumu wa afya au kwa Mamlaka. Taarifa ya mtu mmoja huweza kumkinga mwingine.