Jiwe na Moyo

JUMANNE

Soma Kutoka 1:11–14 na Kutoka 11:5. Mafungu haya yanatuonesha nini kuhusu maisha ya kila siku katika Misri ya kale?

Wamisri waliishi katika nyumba za matofali ya udongo. Hata majumba ya kifalme yalijengwa kwa matofali kama yale ambayo Waisraeli walilazimishwa kuyafyatua. Jiwe lilitengwa hasa kwa ajili ya mahekalu na makaburi, yaani vitu walivyotaka vidumu milele. Piramidi ya Farao Khufu ilijengwa kwa mawe yapatayo milioni 2.3, na graniti ya chumba cha kaburi lake ilisafirishwa kwa Mto Nile kutoka Aswan, umbali wa kilometa 800 hivi.

Lakini jiwe lilimhudumia pia mtu wa chini. Mjakazi alisagia nafaka juu yake. Huko Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, vipande vya mawe ya chokaa vilitumika kama karatasi. Kimojawapo ni orodha ya mahudhurio kazini: huyu hakufika kwa kuwa ni mgonjwa, yule ameumwa na nge.

Mwaka 1896, Flinders Petrie alifukua huko Thebes jiwe la Farao Merneptah, la mwaka 1208 K.K. hivi. Ndani yake Israeli inatajwa kwa jina. Farao anajisifu kwamba taifa hilo limeangamizwa, wala halina mzao tena. Jiwe limedumu hadi leo, lakini majivuno yake hayakuwa kweli. Tena, upande wa pili una maandishi ya Farao Amenhotep III, aliyemtangulia. Merneptah alilichukua jiwe la mwenzake akaandika sifa zake mwenyewe.

Soma Kutoka 31:18, 32:19, Yeremia 31:33 na 2 Wakorintho 3:3. Mungu anataka sheria yake iandikwe wapi, na kwa nini?

Watu waliotoka Misri walijua kwamba kinachoandikwa kwenye jiwe kimekusudiwa kudumu. Hivyo Mungu aliandika Amri Kumi kwa namna waliyoielewa vyema. Hata hivyo, mbao zile zilivunjwa chini ya mlima, kwa kuwa watu walikuwa wameshaivunja sheria yenyewe mbele ya ndama. Kasoro haikuwa katika sheria, bali ndani ya mioyo. Agano jipya halileti sheria nyingine. Linaiandika sheria ile ile ndani yetu, kwa Roho wa Mungu.

Twaweza kuzitundika Amri Kumi ukutani sebuleni, na bado wale tunaoishi nao wasizione katika maneno yetu.

Wanaokaa nawe nyumbani wakiulizwa ni nini kimeandikwa moyoni mwako, watajibu nini? Ni amri ipi unayohitaji kumwomba Mungu aiandike upya ndani yako juma hili?