Peptidi za Kupaka na Ukurutu wa Watoto
Mtoto mwenye ukurutu, au pumu ya ngozi kama wengi waiitavyo, hujikuna usiku kucha, awe Korogwe kando ya Mto Pangani au Handeni yenye uhaba wa maji. Ngozi yake ni ukuta uliopasuka: unyevu hutoka, bakteria huingia.

Ngozi yenye afya hujitengenezea peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi-amino, ziuazo vijidudu. Mojawapo, LL-37, huwa haba penye ukurutu. Penye soriasisi huzidi, ikaichochea kinga iushambulie mwili wenyewe. Kwa hiyo kuiongeza hakumfai kila mgonjwa. Tena molekuli zinazozidi daltoni 500 hupenya ngozi kwa shida, na LL-37 hukaribia 4,500. Vimeng'enya navyo huikatakata. Ndiyo maana dawa hizo zingali zikichunguzwa.

Kwa sasa mafuta mazito yasiyo na manukato, yakipakwa mara tu baada ya kuoga, hata kama maji ni ya kopo, hufaa zaidi. Krimu ya steroidi itolewe na mhudumu wa afya, kwa kipimo. Zile kali za dukani, zenye klobetasoli, huikondesha ngozi ya mtoto na hata kupenya hadi kwenye damu. Ukurutu usiotulia huhitaji rufaa. Mabingwa wa ngozi wapo KCMC, Moshi.