Muti wa avoka ukianza kukauka: tuangalie kwanza ku mizizi



Mu Kikula, mu Panda, mu Shituru na mu vijiji vya upande wa Kambove, lupango nyingi ziko na muti wa avoka. Watoto wanakula, jirani anapewa, na zenye kubaki zinauzwa ku soko. Kwa jamaa nyingi franga zile njo zinanunua chumvi na madaftari. Kwa hiyo muti ukianza kuwa manjano, watu wanakimbilia mambo mawili: kununua dawa ya kupuliza ku majani, ao kuleta shoka. Mara nyingi yote mawili ni haraka bure. Jani la manjano linatuambia tu kwamba kuko shida. Ni shida gani, tunaikuta tukichimba.

1. Namna ya kupima muti

Kamateni jembe na kisu. Chini ya mwisho wa matawi, chimbeni polepole pahali pane, urefu wa kiganja tu. Mizizi yenye kulisha avoka haiendi mbali. Mingi iko juujuu. Angalieni ile midogo:

- Nyeupe ao rangi ya maziwa, inapindika bila kuvunjika: ni mizima. Tafuteni shida pengine.
- Nyeusi, inavunjika kama kijiti kikavu, ao hamuioni kabisa: imeoza.
- Shimo linajaa maji, ao udongo unanuka: maji yamekosa njia.
- Udongo mukavu kama unga mu mwezi wa 8, lakini mizizi ni mizima: muti uko na kiu.

2. Kuoza kwa mizizi

Huu njo ugonjwa unaoua avoka nyingi duniani. Unaletwa na kiumbe kidogo sana, jina lake la kitaalamu ni Phytophthora cinnamomi. Kilipewa jina hilo mu mwaka wa 1922, kisha kukutwa ku miti ya mdalasini kule Sumatra. Kinaogelea mu maji ya udongo, kinaingia mu mizizi midogo na kuiozesha. Majani yanakuwa madogo, ya rangi hafifu, yanalegea hata kama udongo umelowa. Matawi ya juu yanakauka ya kwanza. Wakati mwingine muti unazaa matunda mengi madogo, kisha unakufa.

Kwetu kuko jambo la kuelewa vizuri. Mvua inanyesha kutoka mwezi wa 10 ao wa 11 mpaka wa 4, na wakati huo mizizi inaoza pole pole. Muti unavumilia juu ya maji kuwa mengi. Kiangazi ikifika, hauna tena mizizi ya kunywea, unakauka. Sisi tunasema: jua njo limeua. Tunaongeza ndoo za maji, na maji yale yanasaidia ugonjwa. Maji ya kuoshea vyombo na ya bafu yanayomwagwa ku shina kila siku yanafanya vile vile, na sabuni yake inaunguza ncha za majani.

Mufanye hivi:

- Hamisheni maji machafu. Chimbeni mufereji kidogo mbele ya mvua, ili maji yapite mbali na muti.
- Tandikeni majani makavu, nyasi na vipande vya miti chini ya matawi, unene wa sentimeta 10 mpaka 15. Acheni nafasi ya sentimeta 30 kuzunguka shina, lisioze. Matandazo yanapooza udongo, na mizizi mipya inaota ndani yake.
- Musilime tena chini ya muti. Jembe linakata mizizi yenye kubaki.
- Punguzeni matawi yaliyokauka, na mupake chokaa ku shina na matawi yaliyobaki wazi, jua lisiyachome.
- Osheni jembe na viatu mbele ya kwenda ku muti mwingine. Ugonjwa unasafiri na matope.

Kuko pia dawa za fosfonati, zinazoingia ku majani ao ku shina na kushuka mpaka ku mizizi. Kooperative ikizipata, mufuate kipimo cha karatasi yake. Lakini bila kutoa maji, dawa itapotea bure.

3. Mizizi ni mizima, lakini majani si mazuri

Majani ya zamani yakiwa manjano yote sawasawa, udongo hauna chakula: wekeni samadi iliyoiva, mara mbili ao tatu mu musimu wa mvua, mbali na shina. Majani mapya yakiwa madogo, manjano kati ya mishipa, na matunda yakiwa mviringo kuliko kawaida, muti unakosa zinki. Mchwa ku shina wanapenda sana mbao iliyokwisha kufa. Wakisheni, kisha mutafute kwa nini tawi lile lilikufa.

4. Maua na matunda

Maua kuanguka si ugonjwa. Kwa maua 100 ya avoka, hata tunda 1 halifiki. Kila ua linafunguka mara mbili: mara ya kwanza kama jike, mara ya pili kama dume. Kuko miti ambayo jike linafunguka asubuhi, na mingine kisha saa sita. Ndiyo maana miti miwili ya namna mbili inazaa kuliko muti mumoja, na nyuki ni lazima. Musipulize dawa ya wadudu wakati wa maua.

Matunda yanayopata madoa meusi yakilainika, yaliambukizwa na kuvu tangu yakiwa madogo, wakati wa mvua. Toeni matawi makavu na matunda yaliyooza, muchume siku isiyo na mvua, mukate na kikonyo bila kuangusha chini. Dawa ya shaba na chokaa, inayojulikana tangu 1885 kule Bordeaux, Ufaransa, inalinda matunda. Haiponyeshi mizizi.

Na juu ya tuko mu muji wa shaba, tusikilizane: jiwe la kijani ao maji ya kusafishia madini si dawa. Yanabeba asidi na metali nyingine; yanaua mizizi, na yanaweza kudhuru mwenye kula.

5. Shoka inakuja wakati gani?

Mizizi ikiwa imekwisha yote na matawi makubwa yamekauka, kateni. Lakini musipande avoka ingine mu shimo lile. Pandeni pengine, juu ya tuta la sentimeta 50, na mupendelee muche uliounganishwa: unaweza kuzaa kisha miaka 3 ao 4, wakati wa mbegu mara nyingi unapita miaka 5.

Maulizo ya kuzungumzia mu kikundi

1. Mu lupango yenu, maji ya kuoshea yanamwagwa wapi?
2. Kwa nini muti ulioozea mu mvua unakauka mu kiangazi?
3. Mbele ya mukutano ujao, kila mumoja achimbe chini ya muti wake na kuleta mizizi midogo ndani ya karatasi. Tutaiangalia pamoja mbele ya mutu yeyote kununua dawa.