Mirathi Yenye Nyumba Huku na Shamba Kule: Sheria Inavyofuatwa Busia na Tororo

Mwaka 1902 serikali ya Uingereza iliuondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka ulisogea, watu wakabaki walipo. Ndiyo maana hadi leo Wasamia na Wateso wana jamaa pande zote mbili, na si ajabu mtu mmoja kuwa na nyumba Busia ya Uganda, shamba Matayos, na kibanda cha biashara Malaba. Mtu huyo akifariki, jamaa inayomlilia ni moja, lakini sheria zinazoongoza mali yake ni mbili. Somo hili linaeleza namna mirathi ya aina hiyo inavyofungwa kwa haki na amani.

Jambo la kwanza: mali ya marehemu haiguswi

Ugomvi mwingi wa mirathi huanza kabla ya matanga kwisha. Ndugu huchukua pikipiki na kuvuka nayo mpaka. Mwingine huondoa ng'ombe zizini, wa tatu huitia namba ya siri katika simu ya marehemu na kutoa fedha zilizomo, naye mjane huambiwa afungashe vyake. Wafanyao hivyo hudai kwamba wanailinda mali ya ukoo. Sheria haikubaliani nao.

Nchini Kenya, kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu yeyote kuchukua, kuuza au kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Anayepatikana na hatia aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000 za Kenya, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Nchini Uganda pia ni kosa la jinai kuingilia mali hiyo, na Sheria ya Urithi iliyorekebishwa mwaka 2022 inamlinda mjane na watoto dhidi ya kufukuzwa katika nyumba waliyokuwa wakiishi na marehemu.

Hapa ndipo kazi ya polisi ilipo. Polisi hawagawi mali, wala hawaamui nani mrithi. Hiyo ni kazi ya mahakama. Lakini mali inapobebwa, au mjane anapotishwa, hilo ni jambo la kuripotiwa kituoni mara moja, kabla mali haijavuka mpaka.

Jambo la pili: ardhi hufuata sheria ya nchi iliyomo

Sheria za nchi zote mbili zinapatana katika kanuni moja kubwa. Ardhi na majengo hurithiwa kwa sheria ya nchi yalimo, hata kama marehemu alikuwa raia wa nchi nyingine. Vitu vinavyohamishika, kama fedha, mifugo na magari, hufuata sheria ya nchi ambayo marehemu alikuwa na makao yake ya kudumu.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara aliyekuwa na makao yake Tororo, akaacha shamba upande wa Kenya, bila wosia. Nyumba yake ya Tororo na fedha zake zitafuata sheria ya Uganda. Shamba la Kenya litafuata sheria ya Kenya.

Mgawanyo wenyewe hutofautiana. Uganda, marehemu asiyeacha wosia akiwa ameacha mke au mume, watoto, jamaa wanaomtegemea na mrithi wa kimila, watoto hupata asilimia 75, mwenzi wake 20, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1. Wake wakiwa wengi, hugawana ile sehemu ya mwenzi. Nyumba ya familia haiingizwi katika mgawanyo huo. Kenya, mwenzi aliyebaki na watoto hupewa vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na haki ya kuitumia mali iliyosalia maisha yake yote. Baada yake, watoto hugawana sawa. Palipokuwa na wake wengi, mali hugawanywa kwa kuangalia idadi ya watoto wa kila nyumba, na kila mjane huhesabiwa pamoja nao. Waislamu wa Kenya huweza kupeleka mirathi yao kwa Kadhi.

Binti, aliyeolewa au asiyeolewa, ni mrithi. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisisitiza haki ya mabinti mwaka 2005 katika kesi ya Rono, na mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilivifuta vifungu vya urithi vilivyowabagua wanawake.

Hatua za kufuata Uganda

Baada ya kupata cheti cha kifo kutoka NIRA na barua ya mwenyekiti wa LC1, familia huripoti kifo kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa serikali, aliye chini ya Wizara ya Sheria. Afisi hiyo huisikiliza familia na kutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi. Kwa cheti hicho mwombaji huenda mahakamani kuomba hati ya usimamizi, na tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mwenzi wa marehemu hutangulizwa kuwa msimamizi. Msimamizi hupeleka mahakamani orodha ya mali katika miezi 6, na hesabu katika mwaka mmoja. Hati hudumu miaka miwili, isipokuwa mahakama iongeze muda.

Hatua za kufuata Kenya

Familia hupata cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi wote. Ombi hupelekwa mahakamani, kisha hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Hati ikitolewa, kwa kawaida msimamizi husubiri miezi 6 kabla ya kuomba ithibitishwe, na ni baada ya kuthibitishwa ndipo ardhi hugawanywa. Hati iliyopatikana kwa uongo, kwa mfano kwa kumficha mke wa ng'ambo ya mpaka au watoto wake, yaweza kufutwa na mahakama.

Hati haivuki mpaka yenyewe

Hati ya usimamizi iliyotolewa Uganda haimpi mtu mamlaka juu ya shamba lililoko Kenya, wala ya Kenya haitoshi Tororo. Msimamizi huipeleka kwa Mahakama Kuu ya nchi ya pili, ipigwe muhuri upya. Sheria ya Kenya inaruhusu hilo katika kifungu cha 77, nayo Uganda ina sheria yake ya namna hiyo. Anayenunua shamba kwa kuonyeshwa hati ya ng'ambo isiyo na muhuri huo ananunua kesi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, mwenye mali pande mbili na aandike orodha yake angali hai, ataje wake na watoto wote, na aandike wosia mbele ya mashahidi wawili wasiorithi kitu humo. Familia iliyofiwa na ifanye mambo matatu katika juma la kwanza: iandike mali yote pamoja na mahali ilipo, iweke hatimiliki na simu ya marehemu mahali salama, na iwaite warithi wa ng'ambo kikaoni. Atakayeona mali ikichukuliwa na aende kituo cha polisi kilicho karibu, upande wowote alipo.