Picha ya MRI ni Safi, Mbona Mgonjwa Bado Anaumwa?

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwenu yupo mgonjwa aliyepigwa picha ya kichwa kwa MRI, majibu yakaja kwamba hakuna kitu, na bado anaanguka kifafa au anasahau. Hapo maneno huanza: anajifanya, ana jini. Kabla ya kumhukumu, jua kwanza mashine ile inaona nini.

MRI ya kawaida huona maji zaidi. Ni sumaku kubwa inayopokea mawimbi ya redio kutoka kwenye haidrojeni, na haidrojeni nyingi mwilini imo katika maji na mafuta. Uvimbe au damu iliyovuja huonekana. Lakini ubongo, ambao ni kama asilimia 2 ya uzito wako, hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili. Nguvu hizo hutoka kwenye ATP, na akiba yake hushikwa na kreatini. Penye molekuli moja ya kreatini pana maelfu ya molekuli za maji, basi itasikikaje?

Njia ya zamani ni kupima fosforasi iliyomo katika ATP. Mawimbi yake ni dhaifu, hivyo mgonjwa hulala muda mrefu na picha hutoka bila undani. Sumaku ya Tesla 7, badala ya 1.5 au 3 zilizozoeleka, husaidia, ila ni ghali mno.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walieleza njia iitwayo CEST, nayo ni ya werevu. Haidrojeni za kreatini hubadilishana nafasi na za maji mamia ya mara kwa sekunde. Wimbi la redio likizilenga hizo tu, huzimwa, kisha huhamia kwenye maji zikiwa zimezimwa. Nyingine huingia mahali pao, nazo huzimwa. Ni kama kijifuko cha bluu ya kufulia: kichovye mara nyingi, ndoo nzima itabadilika. Maji yakififia, MRI hutambua.

Kazi hii ingali zaidi mikononi mwa watafiti. Anayekutoza fedha akuoneshe “nguvu za ubongo”, muulize daktari wako kwanza. Mgonjwa wa kifafa mwenye picha safi arudi kliniki, aendelee na dawa, na aulizie kipimo cha umeme wa ubongo. Nanyi akina mama, vueni pini zote za mtandio kabla ya kuingia chumba cha MRI. Sumaku ile huzivuta kwa nguvu.