JANGA LINAPOBISHA HODI: SOMO LA MWAKA WA KORONA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Katika makala haya nataka tuchunguze jambo ambalo sote tuliliona kwa macho yetu, ila wengi wetu tulikuwa wadogo mno kulielewa. Sisi wa Kidato cha Tatu tulikuwa darasa la tano korona ilipoingia Kenya mwaka wa 2020. Kuhusu virusi vyenyewe, mwalimu wa Bayolojia anatosha. Mimi nitazungumza kuhusu watu: mama mboga, makanga, fundi cherehani, jirani wa mlango wa pili. Je, mtu wa kawaida hufanya nini ugonjwa unapoanza kumvurugia maisha?

Kabla hatujafika mbali, tufafanue neno. Janga ni balaa linalowapata watu wengi kwa pamoja, kama njaa, mafuriko au maradhi. Ugonjwa ukizuka mahali pamoja huitwa mkurupuko au mlipuko. Ukivuka mipaka na kusambaa duniani, huwa janga la dunia. Shirika la Afya Duniani lilitumia jina hilo kwa korona tarehe 11 Machi 2020. Siku mbili baadaye, Ijumaa tarehe 13, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw. Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza amepatikana Kenya. Jumapili tarehe 15, aliyekuwa Rais, Uhuru Kenyatta, aliagiza shule zifungwe. Sisi wa shule za kutwa tulibaki nyumbani kesho yake.

Nimezigawa hatua za watu katika mafungu matano. Msomaji asidhani zilifuatana kama mabehewa ya treni. Zilichanganyikana, na mtu mmoja angeweza kupitia zote kwa siku moja.

1. LA JIRANI HALINIHUSU

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia chako maji. Mji wa Wuhan huko China ulifungwa tarehe 23 Januari 2020. Italia nzima ikafungwa mwezi wa Machi. Huku kwetu vichwa vilikuwa bado vikavu! Watu walisema huo ni ugonjwa wa wazungu na Wachina, kwamba jua letu litauchoma, na kwamba Mwafrika aliyeshinda malaria hawezi kubabaishwa na mafua.

Lakini si haki kusema Wakenya wote walilala. Tarehe 26 Februari ndege kutoka China ilitua katika uwanja wa Jomo Kenyatta ikiwa na abiria 239. Watu walipiga kelele kila pembe ya nchi, na siku mbili baadaye Mahakama Kuu ikaamuru safari hizo zisimamishwe kwa muda. Kwa hivyo mtu wa kawaida anaweza kuona hatari mapema. Ubaya ni kwamba woga huo huo uliwafanya wengine kumnyooshea kidole kila mtu mwenye sura ya Kichina, hata aliyeishi Kenya miaka na miaka. Kuogopa ugonjwa na kumchukia mtu ni mambo mawili tofauti.

2. PUPA YA KUNUNUA

Habari ilipothibitishwa, foleni zilifika nje ya milango ya maduka makubwa. Watu walijaza vigari unga, mchele, sabuni na karatasi za chooni. Sanitaiza ikaadimika na bei ikapanda.

Tusiwacheke. Mtu asipoweza kuuzuia ugonjwa, hutafuta kitu anachoweza kukishika mkononi. Mfuko wa unga unashikika. Lakini hebu tazameni upande wa pili. Mtaani kwetu wengi hununua kwa kipimo: mafuta ya kupikia ya shilingi ishirini, majani ya chai ya shilingi tano, unga wa leo ununuliwe leo. Mtu wa namna hii hawezi kujaza stoo hata akiogopa vipi, kwa sababu pesa za kesho hajazipata. Aliyejaza stoo alijikinga yeye, na mwenzake akakuta rafu tupu. Tena katika ugonjwa wa kuambukiza, jirani akikosa sabuni hata wewe huna usalama. Sabuni ya jirani ni kinga yako!

3. UVUMI NA MZAHA

Lisemwalo lipo, na kama halipo liko nyuma linakuja. Methali hii ilitiwa chumvi sana mwaka huo. Kuna walioamshwa usiku wa manane kunywa strungi bila sukari, eti mtoto mchanga amezaliwa, akasema hiyo ndiyo dawa, kisha akafa. Wengine walitafuna vitunguu saumu na kukamua ndimu mpaka bei zikapanda sokoni. Hata wakubwa hawakuachwa nyuma. Kiongozi mmoja jijini Nairobi alitia chupa za pombe kali katika vifurushi vya msaada akidai zinasafisha koo.

Kwa nini watu wenye akili timamu huamini mambo kama haya? Nimefikiria sababu tatu. Kwanza, wakati huo hata madaktari walikuwa bado wanajifunza ugonjwa wenyewe, na penye pengo la habari uvumi huingia kama maji kwenye ufa. Pili, uvumi huja na mtu tunayemwamini: shangazi, rafiki, mzee wa kanisa au wa msikiti. Tatu, dawa ya uvumi ni rahisi. Strungi kila mtu anayo jikoni.

Mzaha nao ulikuwepo. Watu walisalimiana kwa viwiko na miguu huku wakicheka. Aliyekohoa ndani ya matatu aligeukiwa na abiria wote kama mwizi wa kuku. Kicheko kilipunguza woga, na hilo si jambo baya. Kikawa kibaya pale kilipomlenga mgonjwa.

4. TUMBO NA AMRI

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Kuanzia tarehe 27 Machi 2020 kulikuwa na kafyu kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Katika redio tulisikia kwamba wanaovunja amri ni wakaidi. Wakaidi walikuwepo, sikatai. Lakini tupige hesabu ya mama mboga, nami naijua kwa kuwa mamangu huuza mboga. Asubuhi wateja ni wachache. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku ndipo watu hutoka kazini na kununua sukuma wiki na nyanya za kupika. Kafyu ya saa moja ilikata saa hizo katikati. Tena mwenye kibanda alihitaji muda wa kufunga na kutembea hadi nyumbani, kwa hivyo saa kumi na mbili ilibidi awe ameanza kufunganya. Mboga haingoji kesho. Inanyauka.

Hesabu ya pili ni ya matatu. Gari la abiria kumi na wanne liliruhusiwa kubeba wanane. Tuseme nauli ilikuwa shilingi 50. Gari likijaa lilipata shilingi 700. Kwa abiria wanane, ili kupata kiasi hicho hicho, kila mmoja angelipa karibu shilingi 88. Makanga akipandisha nauli, abiria analia. Asipopandisha, mwenye gari ndiye anayelia. Ndiyo maana wengi walichapa mguu.

Hesabu ya tatu ni ya maji. Tuliambiwa tunawe mikono mara kwa mara kwa maji yanayotiririka. Ni ushauri mzuri sana. Lakini penye mfereji mmoja kwa ploti nzima, au penye kununua maji kwa mtungi, mama huamua kwanza: ya kupikia, ya kunywa, ya kufulia, kisha ndiyo ya kunawa.

Msinielewe vibaya, wasomaji. Sisemi kwamba amri zilikuwa mbaya. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na kifo cha kwanza kilitangazwa tarehe 26 Machi. Nasema kwamba amri isiyopiga hesabu ya tumbo huwageuza watu wema kuwa wahalifu. Siku ya kwanza ya kafyu, watu waliokuwa wakingojea feri ya Likoni kule Mombasa ili warudi kwao walirushiwa vitoa machozi na kupigwa kabla hata saa moja haijafika. Waliambiwa wasisongamane, nao wakakimbia wakiwa wamesongamana, wakikohoa na kujipangusa macho. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Machi, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, Nairobi, polisi walipokuwa wakitekeleza kafyu. Akafa. Alikuwa ndani ya makao yao kama alivyoagizwa. Ugonjwa haukumgusa. Tukihesabu hasara ya janga, naye tumhesabu.

5. KUFICHA NA KUFICHUA

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mbona basi watu walificha? Kwa sababu kujitokeza kulikuwa na gharama. Waliotiwa karantini hapo mwanzo walitakiwa kujilipia malazi na chakula. Mwezi wa Aprili tuliwaona kwenye runinga baadhi yao wakiruka ukuta kutoroka. Mwezi wa Mei serikali ikasema itagharimia walio katika vituo vya umma. Vilevile palikuwa na aibu. Nyumba ikijulikana ina mgonjwa, watoto wa humo waliitwa "korona" hata baada ya kupona. Mazishi yalifanywa haraka na watu wachache, na jamii zikabaki na uchungu kwa kushindwa kumsindikiza mpendwa wao kwa heshima. Ukiona hayo yote, utaelewa kwa nini mtu mwenye homa alisema, "Ni uchovu tu."

Lakini upo upande wa kujivunia. Mafundi cherehani waliokosa nguo za kushona walishona barakoa. Mitungi yenye bomba dogo ilitokea mbele ya kila duka. Huko Bungoma mvulana wa miaka tisa alitengeneza mashine ya mbao ya kunawia mikono inayokanyagwa kwa mguu, ili mtu asiguse mahali palipoguswa na wengine. Mwezi wa Juni akatunukiwa nishani na Rais. Ada ya kutuma pesa kidogo kwa simu iliondolewa kwa muda, na aliyekuwa na shilingi mia mbili aliweza kumtumia nyanya yake kijijini bila makato. Mtaani kwetu majirani walikopeshana unga bila kuandika popote. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

MANENO YALIYOTUPATA

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, tusiyasahau maneno. Barakoa ni neno la zamani la pwani. Lilitaja kifunika uso walichovaa baadhi ya wanawake wa Unguja. Huku bara wengi wetu tulilijua mwaka wa 2020. Karantini asili yake ni neno la Kiitalia lenye maana ya arobaini, kwa sababu meli zilikuwa zikizuiwa siku arobaini bandarini kwa kuogopa tauni. Kafyu tumeipata kutoka Kiingereza, nacho kiliitoa kwa Kifaransa cha kale, ambako ilimaanisha "funika moto", yaani wakati wa kuzima moto na kulala. Jina zuri, lakini kwetu jioni za 2020 moto ulizimwa kabla chakula hakijaiva!

MAFUNZO

Shule zilifunguliwa kwa wote tarehe 4 Januari 2021. Tulikuwa tumekaa nyumbani zaidi ya miezi tisa. Masomo ya redio na runinga yaliwafaa wenye redio, stima na nafasi ya kusikiliza. Darasani kwetu madawati mengine yalibaki bila wenyewe. Msichana mmoja alikuwa ameenda kufanya kazi ya nyumba mjini. Mvulana mmoja alikuwa anavunja kokoto, akaona heri mia mbili ya leo kuliko cheti cha kesho. Hawakurudi mpaka leo. Kafyu ilikwisha tarehe 20 Oktoba 2021, na mwezi wa Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likasema hali ya dharura imepita. Kwa wenzetu hao wawili haijapita.

Ugonjwa mwingine huenda ukaja, na wakati huo sisi ndio tutakuwa makanga, wauguzi, polisi, mawaziri na akina mama mboga. Kwa hivyo tukumbuke haya:

(a) Habari ikikujia, uliza: Nani amesema? Amejuaje? Nani atapata hasara ikiwa si kweli? Usipopata majibu, usiisambaze.

(b) Nunua kinachokutosha, umwachie na mwenzako.

(c) Kabla hujamwita mtu mkaidi, piga kwanza hesabu yake ya siku.

(d) Mgonjwa ni mtu mwenye jina. Mwite kwa jina lake.

(e) Shule zikifungwa, tafuta mwenzako aliye katika hatari ya kutorudi, umpelekee daftari zako. Kumrudisha darasani baadaye ni kazi ngumu kuliko kumshika asiondoke.

MASWALI YA MJADALA CHAMANI

1. "Katika janga, njaa ni adui mkubwa kuliko ugonjwa." Jadili.
2. Taja methali tatu ambazo zingewafaa Wakenya mwezi wa Machi 2020, na ueleze namna zingewafaa.
3. Andikeni mazungumzo kati ya afisa wa afya na mama mboga kuhusu kafyu. Kila mmoja awe na haki yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.