Jifunze Maneno ya Mtandao Kabla ya Kubonyeza

Wakulima waliosajiliwa hupokea ujumbe halisi wa simu kuhusu mbolea ya ruzuku. Kwa hivyo ni rahisi tapeli kuuiga. Tuseme mkulima wa viazi hapa Endarasha anaambiwa abonyeze mahali fulani, ajaze nambari ya kitambulisho na PIN ya M-Pesa ili apate mbolea. Atajuaje kama ni kweli? Maneno yafuatayo yatamsaidia.

Bando. Ni kifurushi cha intaneti unachonunua. Si kila huduma inakihitaji. Huduma zinazoanza kwa nyota, kama *334# ya M-Pesa na *254# ya Hustler Fund, hufanya kazi hata kwa simu ndogo isiyo na intaneti.

Apu. Ni programu unayoweka kwenye simu kwa kazi maalumu, kama vile WhatsApp. Wenye simu za Android waipakue kutoka Play Store, si kupitia ujumbe waliotumiwa.

Kiungo. Wengi hukiita linki. Ni maandishi ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka kwenye tovuti fulani. Soma anwani yake kwanza. Tovuti za serikali ya Kenya huishia na .go.ke, kwa mfano ecitizen.go.ke. Anwani kama mbolea-go-ke.com si ya serikali, kwa sababu mwisho wake ni .com. Vistari vya katikati vimewekwa kukuchanganya.

PIN na nenosiri. Hizi ni funguo zako. PIN ya M-Pesa huingizwa na mwenye laini pekee, kwenye simu yake mwenyewe. Usiiandike kwenye fomu ya mtandaoni wala usimtajie anayekupigia.

Nambari ya uthibitisho. Ni tarakimu, mara nyingi sita, zinazotumwa kwa simu yako kuhakikisha ni wewe unayefungua akaunti. "Rafiki" akikuomba umtumie, huenda akaunti yake imeshatekwa. Ukimpa, yako pia itatekwa, na jamaa zako wataanza kuombwa pesa kwa jina lako.

Kusambaza. Ni kutuma mbele ujumbe uliotumiwa. Kwenye WhatsApp, mishale miwili juu ya ujumbe inaonyesha umesambazwa mara nyingi. Haimaanishi ni wa kweli. Ujumbe wa aina hiyo unaweza kuutuma kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati, ili uvumi upungue kasi.

Ukishuku ulaghai

1. Usibonyeze, usijibu.
2. Safaricom huwapigia wateja kwa nambari 0722 000 000 pekee. Nyingine ikidai ni wao, kata simu.
3. Tuma nambari ya tapeli kwa 333, bila malipo, ikiwa unatumia Safaricom.
4. Ukiwa umepoteza pesa, usifute ujumbe. Upeleke kituo cha polisi kama ushahidi. Ulaghai wa mtandaoni ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018.

Msomee mzazi au jirani somo hili leo, hasa aliyenunua simu janja yake ya kwanza.